Neno Lisiloitikiwa

Nililelewa misheni, chini ya milima ya mawe ya Masasi, na kanisani kwetu alisema mtu mmoja tu. Padre alipanda, akasema, akashuka, nasi tulikaa kimya tukijizuia kukohoa. Ukigeuka kumtazama mwenzio, dada aliyekuwa akituangalia alikufinya mpaka machozi yakutoke. Nikakua nikiamini kwamba hotuba ni mali ya mtu mmoja, na kwamba heshima ya msikilizaji ni kufunga mdomo. Niliamini hivyo mpaka nilipoolewa Newala, kwa watu wasioweza kusikiliza bila kufungua kinywa.

Vita vya Maji Maji ndivyo vilivyonipandisha kule juu. Nyumba za misheni ziliungua, watu wakatawanyika, mimi na mama yangu tukakimbilia uwanda wa Wamakonde kwa jamaa wa mbali. Walitupokea kwa ming'oko, mizizi ya porini ambayo watu huichimba mwaka wa njaa, na hatukuwa na la kulalamika kwa sababu hata wao hawakuwa na kingine. Mama alifia kule. Mimi nikapata mume. Miaka ile mtu alipoteza kwa mkono huu akaokota kwa huu.

Mume wangu alikuwa mrefu, mwembamba, mvivu kidogo wa palizi, na nilimwambia hivyo mara nyingi. Lakini alikuwa na jambo moja lililomfanya aitwe kutoka vijiji vya mbali: alikuwa mwitikiaji. Kule kwao mtu akitaka kusema mbele ya watu, iwe ni posa, msiba au kesi ya mpaka wa shamba, hasimami peke yake. Anasimama na mwitikiaji. Akisema kipande cha neno, mwitikiaji anajibu, "Eee." Akisema kipande kingine, "Eee." Msemaji akipotoka au akiongopa, mwitikiaji ananyamaza, na msemaji analazimika kurudi nyuma alitengeneze neno lake mpaka aitikiwe. Neno lisiloitikiwa halihesabiwi. Ni kama la mgonjwa wa homa aliyesema na ukuta.

Mara ya kwanza kumwona kazini ilikuwa kwenye posa yangu mwenyewe. Mjomba wake alisema, yeye akaitikia, nami nilijificha nyuma ya mlango nikiudhika. Nilidhani nimeletewa kasuku. Tulipokwisha kuoana nilimwuliza, "Wewe kazi yako ni kukubali kila kitu?"

Akacheka. Meno yake yalikuwa yamechongwa, na alipocheka alionekana mtundu. "Sikubali," alisema. "Nabeba. Neno zito ni gogo, Mama. Mtu mmoja akilinyanyua litamwangukia mguuni. Mimi nashika upande wa pili."

Niliona ni maneno ya mtu anayekwepa palizi. Lakini nilisimuliwa na wengine jinsi mwaka ule wa vita alivyokuja mjumbe wa dawa ya maji, akasema mbele ya kijiji chao tangu asubuhi. Mume wangu ndiye aliyepewa kumwitikia. Mjumbe alisema Wadachi, hao Wajerumani, wametufanya wanyama wa mizigo: "Eee." Alisema wametupiga mbele ya wake zetu: "Eee," na watu walikuwa wameanza kusimama. Kisha akasema risasi zao zitageuka maji. Mume wangu akanyamaza. Mjumbe akarudia. Akanyamaza tena. Mjumbe akamtukana, akamwita mke wa Mdachi, lakini neno lilikwisha kuanguka na hakuna aliyeliokota. Kijiji kile hakikwenda vitani. Huko bondeni walikoitikia mpaka mwisho, nilipita baadaye nikaona mashamba yasiyo na wenyewe.

Usidhani Wadachi walimshukuru kwa hilo. Walimchukua kuwabebea mizigo wakati wa masika, akalala kwenye tope kama wapagazi wengine, akarudi na kichomi. Tangu hapo kifua chake hakikuwa kifua tena. Akipanda mlima alisimama katikati akajifanya anatazama ndege. Mimi nilijua kwamba hatazami ndege.

Baada ya vita boma la Newala lilitia mizizi. Akida mmoja, mtu wa pwani, aliwekwa pale na askari wake, na Mdachi mwenyewe alipanda kutoka Lindi mara kwa mara kuketi barazani na kuhukumu. Nilikuwa naenda kumsikiliza Mdachi huyo, maana Kiswahili chake nilikielewa kuliko wenyeji wengi. Alisema kwa sauti kubwa juu ya barabara, juu ya pamba, juu ya utii. Watu walinyamaza kimya. Naye alifurahi, akamwambia akida kwamba watu hawa sasa wametulia, wanasikiliza vizuri. Maskini, hakujua kwamba kwa watu wale alikuwa hajasema kitu.

Sasa niseme juu ya maji, maana shari yote ilitoka kwenye maji. Uwanda ule hauna mto wala kisima. Chemchemi ziko chini kabisa, mguuni mwa ukingo, na njia ya kushukia ni ya mawe yanayoteleza hata wakati wa kiangazi. Tulishuka kabla ya mapambazuko, tukapanda na mitungi kichwani jua likituchoma shingo. Mtungi mmoja ulikuwa nusu ya siku ya mwanamke. Boma nalo lilikunywa. Likaamuru kila kijiji kiwe na zamu ya kujaza mapipa yake, bila shukrani wala ujira, na mapipa yakikutwa matupu, atakayejibu ni jumbe wa kijiji.

Jumbe wetu alikuwa yule yule mjomba wa mume wangu. Sitamsifu. Alikuwa mtu wa majivuno, mnusa ugoro, anayesema asubuhi mpaka jioni juu ya ng'ombe ambao babu yake alikuwa nao na hakuna aliyewahi kuwaona. Wadachi walipompa kofia nyekundu ya ujumbe aliivaa hata shambani. Walipotaka watu wa barabara, aliwatoa watoto wa wengine kwanza. Nilimpigia magoti na kumwamkia shikamoo kama ilivyonipasa, naye aliitikia marahaba huku akitazama kama nimeleta kitu cha kula.

Zamu yetu iliangukia siku ambazo Mdachi wa Lindi alitarajiwa. Tulijaza mapipa mpaka juu. Najua, kwa sababu mtungi wa mwisho niliumimina mimi. Jioni ile ile, karibu na boma, alikuwa amepiga hema Mzungu mwingine, mnunuzi wa mpira, ule utomvu wa porini, aliyezunguka uwandani na wapagazi na nyumbu wake, yule mnyama nusu farasi nusu punda. Nilipokuwa nachukua mtungi wangu niondoke, niliwaona watu wake wakimleta nyumbu kwenye mapipa. Alikunywa kama aliyetoka jangwani. Kisha wakateka maji ya kuoga ya bwana wao, ndoo kwa ndoo, na yaliyomwagika yalitosha kupikia kijiji. Askari wa zamu aliona, akageuza uso. Nani angemwambia Mzungu kwamba maji yana wenyewe?

Asubuhi Mdachi wa Lindi alifika na vumbi lake, akataka maji, akakuta mapipa yanalia. Mjomba akaitwa, akaeleza ukweli. Mnunuzi wa mpira mwenyewe hakukana. Alicheka, akasema nyumbu wake ana tumbo la tembo, na Mdachi akacheka pamoja naye, wakaketi kunywa kahawa iliyopikwa kwa maji ambayo sisi wanawake tulikimbizwa bondeni kuyaleta upya. Kisha ikatangazwa hukumu: jumbe hakuweka mlinzi wa mapipa. Kesho yake, mbele ya watu wote, atapigwa kiboko. Hamsa ishirini, kama walivyoviita viboko ishirini na vitano; hata mtoto mdogo aliijua hesabu hiyo kabla ya kujua nyingine.

Lazima mtu wa leo aelewe jambo hili. Kiboko kilikuwa na sheria yake. Mzungu hakulazwa chini. Mwarabu hakulazwa, Mhindi hakulazwa. Hao walitozwa faini au walikaripiwa. Mwanamke naye, kwa sheria yao, hakulazwa, ingawa sheria na askari si ndugu wa tumbo moja. Aliyelazwa ni mwanamume mweusi, awe mtumwa, awe jumbe mwenye kofia nyekundu. Sisi wa misheni tulikuwa tumefundishwa kwamba Mungu hana upendeleo. Boma lilikuwa nao, na lilikuwa limeuandika.

Alasiri hiyo mjomba alikuja kwetu. Nilikuwa namenya muhogo. Hakuwa na kofia, na kwa mara ya kwanza hakuanza na ng'ombe wa babu yake.

"Mwanangu," alimwambia mume wangu, "kesho kabla ya kulazwa nitaomba kusema. Mdachi hukubali mtu aseme kabla. Nataka uniitikie."

Mimi ndiye niliyejibu, kisu mkononi.

"Baba, samahani, lakini hapana. Atakayekuitikia ataonekana mwenzako. Watamlaza na yeye."

"Mkwe wangu, sikukuuliza wewe."

"Basi mimi najiuliza na kujijibu. Kifua chake unakijua. Akipigwa atakufa. Wewe una mgongo wa mtu aliyekula vizuri."

Nilisema hivyo kwa mtu ambaye hata jina lake sikuruhusiwa kulitaja. Mama mkwe wangu, dada wa tumbo moja wa mjomba, alikuwa ameketi kivulini na ndonya yake, kile kipande cha mti cha mdomo wa juu, akasikia yote, asitie neno. Mjomba alinitazama, nikangoja anifokee. Badala yake aliketi chini, mavumbini, akasema polepole.

"Nimewapa Wadachi watu wetu wa barabara. Nimewapa watu wa pamba. Nilikuwa nasema moyoni kwamba nikiwa upande wao nitakuwa mtu. Leo nyumbu amekunywa, na mimi ndiye nitakayepigwa. Nikilala kimya, watoto watajifunza kwamba ndivyo ilivyo, kwamba mgongo wa mtu mweusi uko pale kulipia kila kitu. Nikisema bila kuitikiwa, nitakuwa mzee aliyelia kwa woga wa fimbo. Nisaidieni nisife namna hiyo."

Akaondoka bila kuaga. Nilimgeukia mume wangu, nikamwambia kila nilichokuwa nacho. Nilimwambia mtoto wetu bado ananyonya. Nilimwambia mjomba yule alimtoa yeye mwenyewe kwenda kubeba mizigo ya vita akawabakiza wanawe. Nilimwambia ushujaa wa mtu mwenye kichomi ni upumbavu. Nililia pia, na simwombi mtu radhi kwa machozi yale wala kwa maneno yale. Nilikuwa na haki ya kumtaka mume wangu hai.

Alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Kisha akaokota muhogo, akaanza kuumenya, kazi ambayo alikuwa hajawahi kuifanya.

"Atakayosema ni kweli?" aliniuliza.

Nilichukua muhogo mwingine.

"Uliona nyumbu akinywa?"

"Niliona."

"Basi," alisema, na tukamaliza muhogo ule pamoja.

Asubuhi uwanja wa boma ulijaa. Akida alikuwa ametuma watu vijijini kuhakikisha kwamba tunakuja, maana adhabu isiyoonwa ni kazi bure. Wanaume waliwekwa mbele, wanawake nyuma. Mdachi alikuwa mezani, na kando yake, kitini, mguu juu ya mguu, mnunuzi wa mpira, aliyekuja kutazama kama anavyotazama mtu ngoma. Mama mkwe wangu alisimama karibu nami. Mtoto nilikuwa nimemfunga mgongoni, na nilisikia moyo wangu ukimgonga.

Mjomba aliomba kusema. Akida alimnong'oneza Mdachi, Mdachi akatazama saa yake, akatikisa mkono: aseme, lakini upesi. Mjomba alisimama katikati ya uwanja, kichwa wazi, akasema kwa Kiswahili ili Mdachi asikie mwenyewe.

"Maji yalitekwa bondeni."

Kimya. Upepo ulipeperusha bendera yao. Mjomba hakuendelea. Alisimama tu, midomo imemkauka, akingoja, na mimi nikaomba Mungu wa misheni na mizimu ya watu wengine wote kwamba mume wangu awe amepoteza sauti.

"Eee," alisema mume wangu.

Watu walivuta pumzi pamoja. Alitoka kwenye mstari wa wanaume akasimama mahali pa mwitikiaji, hatua chache ubavuni mwa msemaji, mikono nyuma.

"Walioyateka ni wanawake wetu."

"Eee."

"Yalifika bomani, mapipa yakajaa."

"Eee."

"Aliyeyanywa ni mnyama. Mwenye mnyama ameketi pale kitini."

"Eee."

Akida aliinuka. "Wewe, nyamaza! Anayehukumiwa ni mmoja!" Mdachi akamwuliza kitu, akida akamweleza, nadhani, kwamba ni desturi tu ya hawa washenzi, na Mdachi akakunja uso. Mnunuzi wa mpira alikuwa ameshusha mguu wake chini.

"Mwarabu akikosa," mjomba alisema, na sasa sauti ilikuwa imepata miguu, "hulipa kwa mali yake."

"Eee."

"Mhindi akikosa, hulipa kwa mali yake."

"Eee."

"Mzungu akikosa, mnacheka."

"Eee." Na safari hii haikuwa sauti moja. Kutoka mstari wa wanaume zilisikika nyingine, za chini chini, za watu waliofunga midomo.

"Mimi sikukosa, na nalazwa chini. Bwana mkubwa, nauliza mbele ya watu. Kama mgongo wangu ni mgongo wa mtu, na wake ni mgongo wa mtu, alazwe hapa kando yangu. Kama wake ni wa mtu na wangu si wa mtu, sema leo kwa kinywa chako, tusikie, twende nyumbani tukijua."

"Eee," alisema mume wangu, kwa nguvu zote za kifua kile kibovu.

Mdachi alikuwa mwekundu mpaka masikioni. Nilimtazama sana, maana nilitaka kujua kama atalisema. Angeweza. Sheria yake ilikuwa inasema hivyo kila siku kwa kiboko. Lakini kulitoa neno lile mdomoni, mchana, mbele ya macho yale yote, hakuweza. Alipiga meza akaamuru mjomba alazwe.

Wakamlaza. Askari mmoja alishika miguu, mwingine mikono, wa tatu akainua kiboko. Sitaeleza sauti yake. Baada ya vile vya kwanza mjomba alisema, uso mchangani, "Sijamaliza." Mume wangu akaitikia, "Eee." Kiboko. "Bado nauliza." "Eee." Kiboko tena. Lile jitu la majivuno nililolidharau liliendelea kusema kipande kwa kipande mpaka sauti ikawa pumzi tu, na kila kipande kilipokelewa. Ndipo Mdachi akaelewa, nadhani, kwamba anampiga mtu mmoja na anayesimama ni mwingine. Akamnyooshea mume wangu kidole.

Walimbeba mume wangu kwa makwapa. Nilipiga kelele, lakini hakuna aliyesikia, maana wanawake wote walikuwa wanapiga kelele. Walimlaza mahali pale pale, mjomba akiwa amesogezwa pembeni, kimya, amefumba macho.

Kule kwao msemaji akishindwa katikati, ugonjwa ukimkamata au kilio kikimzidi, mwitikiaji ndiye anayemalizia, kwa sababu neno amekwisha kulibeba nusu ya njia. Mume wangu aligeuza uso upande ili kinywa kisijae mchanga.

"Mjomba alikuwa anauliza," alisema.

Na hapakuwa na mwitikiaji.

Kiboko kikashuka. Nilitazama mistari ya wanaume. Walitazama vidole vya miguu yao. Siwalaumu, waliona kilichompata aliyeitikia, na kila mmoja alikuwa na mgongo mmoja tu. "Mjomba alikuwa anauliza," alirudia, na nilisikia kile kifua kikivuta hewa kama mvukuto uliotoboka, na nikajua kwamba hatakwenda mbele. Angelirudia lile lile mpaka pumzi iishe, kwa sababu hivyo ndivyo alivyolelewa, neno lisiloitikiwa halisongi. Nilikuwa nimemwomba anyamaze. Sasa alikuwa anapigwa, na njia pekee ya kumwondoa pale alipokwama ilikuwa kinywani mwangu.

"Eee," nilisema.

Sauti ilinitoka mbaya, nyembamba, sauti ya mtu aliyekanyagwa. Mwanamke haitikii barazani. Sijui kama aliwahi kuwako aliyefanya hivyo. Askari aliyekuwa karibu nami aliinua kitako cha bunduki. Akamtazama akida, akida akamtazama Mdachi, na hapo ndipo nilipokumbuka ile sheria yao. Hawangeweza kunilaza. Wao wenyewe waliuacha mlango ule wazi.

"Anauliza kama mgongo wake ni wa mtu," alisema mume wangu.

"Eee," nilisema. Na karibu na bega langu mama mkwe wangu, ambaye ndugu yake alikuwa amelala pale na mwanawe amelala pale, alisema "Eee" kwa sauti nzito iliyozunguka ndonya yake. Kisha mwingine nyuma yetu. Kisha wote, wale wa mitungi, wale walioujua mteremko ule kwa magoti yao.

"Anauliza hili ni la maji, au la ngozi."

"Eee!"

Askari walitusukuma kwa bunduki mpaka ukingoni mwa uwanja. Tulirudi nyuma, wengine wakaanguka, mimi nikaumizwa mkono nikimkinga mtoto. Lakini kila alipopata pumzi ya kusema tulimwitikia tukiwa pale tulipofika. Mnunuzi wa mpira aliondoka kitini mwake kabla hayajaisha. Kiboko hakikupunguzwa hata kimoja.

"Nimemaliza," alisema mwishoni, na nilimsikia kwa shida.

"Tumesikia," tulisema, na safari hii wanaume walikuwamo.

Siku chache baadaye akida alitangaza, bila kueleza sababu, kwamba wageni wa boma, wa rangi yoyote, watajitekea maji yao wenyewe. Hiyo "rangi yoyote" ilikuwa mpya masikioni. Watu walicheka chinichini, wakaja kumpa mume wangu habari pale alipolala kifudifudi, wakamletea kuku tusiokuwa na nguvu ya kuwachinja. Mjomba alipona upesi, kama nilivyosema angepona, akaishi miaka mingi, akaongeza hotuba ile juu ya ng'ombe wa babu yake. Kofia hakuivaa tena. Hilo nampa.

Mume wangu hakupona. Mgongo ulifunga, lakini kifua kilirudi kwenye kichomi, na masika yalipoingia alizimika mchana mmoja huku nikimshikia bakuli la uji. Watu huniambia alikufa kwa heshima, na wajukuu huleta wenzao waje wanisikilize. Mimi sikutaka heshima. Nilitaka aniudhi shambani mpaka tuzeeke. Nikisikia mtu akisema kwamba maneno ni upepo tu, namkasirikia; na nikisikia mtu akisema kwamba maneno yale yalifaa gharama yake, namkasirikia zaidi.

Baada ya arobaini nilirudi kuteka maji kama kawaida. Asubuhi moja nilikuwa napanda ule mteremko, mtungi umejaa, pale mahali pembamba penye ukuta wa jiwe huku na miiba kule. Kutoka juu akashuka mnunuzi wa mpira. Wapagazi wake walikuwa wamemtoroka, na alikuwa anamvuta nyumbu mwenyewe kwa kamba, mapipa matupu yakigongana mbavuni mwa mnyama. Amri ilikuwa inajulikana: ukikutana na Mzungu njiani, unatoka njiani, unasimama, unamwamkia mpaka apite. Lakini wanawake wa mteremko ule wana amri yao ya zamani. Mwenye mtungi uliojaa hapishi. Anayeshuka mtupu ndiye anayepisha, awe nani.

Nilisimama katikati. Alisema kitu kwa ukali, akanitikisia mkono niondoke. Maji yalinimwagikia usoni.

"Nimebeba, bwana," nilimwambia.

Alinitazama muda mrefu. Sijui kama alinikumbuka. Kisha alimshika nyumbu wake hatamu, akamvuta kando, akaingia naye kwenye miiba mpaka suruali ikashikwa, akasimama humo. Nikapita. Sikukimbia, wala sikugeuka. Nilipofika juu nilianza kutembea haraka, karibu nicheke, mtungi ukiyumba kichwani, nikiwa na haraka ya kufika nyumbani kumsimulia, na nilikuwa nimekwisha kuingia uani na kufungua kinywa nilipokumbuka kwamba hayupo.